Mswada usafishwe hadi wapi?

Rafiki yangu wa Hewa Bora ana mswada wa riwaya alioanza upya mara nne. Ukurasa wa kwanza unang'aa. Wa mwisho haujaandikwa. Mwezi uliopita alinipa sura mbili nizisahihishe. Pale mama anaposema "batoto banakuya", niliandika "watoto wanakuja", na kadhalika hadi mwisho. Aliposoma aliniuliza: "Huyu mama amehamia Dar es Salaam lini?" Sikuwa na jibu.

Tutazame mfano wa mji wetu. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, aliandika historia ya Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Si riwaya, lakini swali ni lile lile. Matini yake ilipigwa taipu kwa Kiswahili cha hapa. Tahajia inabadilikabadilika, na mipaka ya maneno haieleweki kila mara. Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990, Kalundi Mango, mzungumzaji wa Kiswahili hiki, aliisoma kwa sauti. Sehemu nyingi zilizofungwa machoni zilifunguka masikioni. Hata hivyo, matini ya awali haikufutwa, ilichapishwa pia.

Hapo tunajifunza kutenganisha mambo matatu. La kwanza ni uandishi: tahajia, nukta, mgawanyo wa maneno. Haya yasahihishwe yote, kwa kanuni moja. La pili ni masimulizi: mhusika aliyekufa sura ya tatu asile ugali sura ya sita. Hapa mwandishi hana budi kurudia kazi. La tatu ni lahaja ya wahusika. Hiyo si uchafu. Mama akisema "batoto" nyumbani na "watoto" mbele ya mwalimu, tofauti hiyo ina maana. Ikitokea bila sababu, ndipo tuihoji.

Na tuache lini? Mpe mtu mswada ausome kwa sauti. Anapokwama, weka alama, rekebisha. Akisoma bila kukwama, upeleke kwa mchapishaji; kuendelea kusugua ni woga tu. Yav hakungoja tahajia ikamilike, ndiyo maana tunamsoma leo.

Rafiki yangu nimemrudishia "batoto" wake. Sasa namdai sura ya mwisho.