Kutoka Miritini hadi Point Lenana: pesa ya safari ya mlimani ipangwe vipi?

Kila Agosti ikikaribia, vikundi kutoka Likoni, Kisauni na Changamwe hutuuliza jambo moja: "Tunataka kupanda Mlima Kenya, pesa tuziweke vipi?" Swali ni zuri, ila mara nyingi huja tiketi zishakatwa na pesa zote ziko kwenye laini ya mweka hazina mmoja. Somo la leo ni la wale wanaoanza mapema.

Kwanza tuelewane tunaenda wapi. Kilele cha juu kabisa ni Batian, mita 5,199, lakini hicho na jirani yake Nelion ni vya wapanda miamba wenye kamba. Sisi wengine tunaenda Point Lenana, mita 4,985, ambako unafika kwa miguu yako. Ukipita njia ya Sirimon, upande wa Nanyuki, unalala kambi ya Old Moses, mita 3,300, halafu Shipton's, mita 4,200. Kutoka hapo mnaamka saa nane au saa tisa usiku na tochi za kichwani ili jua liwakute juu. Na usiambiwe mlima si wa watu wa pwani. Halford Mackinder alipofika Batian mwaka 1899, msafara wake ulikuwa na Waswahili zaidi ya 60. Wao walibebeshwa mizigo. Wewe leo unalipa kubebewa.

Siku moja zaidi ni sehemu ya bajeti

Tunaanza na hili kwa sababu ndilo linalowaponza wengi. Kikundi kikiona hesabu imezidi, kitu cha kwanza kukatwa ni siku. "Badala ya siku tano twende tatu, tutaokoa chakula, malipo ya siku za hifadhi na ujira wa wapagazi." Ni kweli mtaokoa. Lakini mtu wa Likoni analala karibu usawa wa bahari maisha yake yote. Mwili wake unahitaji muda kuzoea hewa nyepesi. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi. Kutoka Old Moses hadi Shipton's ni mita 900 kwa siku moja. Ndiyo maana waongozaji wengi wazuri hukwambia ulale Old Moses siku mbili: mchana mnapanda kidogo, jioni mnarudi kulala chini.

Ugonjwa wa mwinuko haujali kama wewe hucheza mpira kila Jumapili. Huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu. Dalili zikizidi, dawa ni kushuka. Mtu akianza kuhema hata amekaa, au akatembea akiyumba kama mlevi, hashuki kesho asubuhi, anashushwa saa hiyo hiyo. Kwa hiyo bajeti ikikaza, sogezeni safari mbele mwezi mmoja au miwili, msipunguze siku za mlimani. Mkisogeza angalieni mvua tu: miezi mikavu ni Januari na Februari, halafu Julai hadi Septemba.

Shilingi 1,000 kwa wiki

Tuseme mko wanane na kila mmoja anahitaji 30,000. Tumechagua kiasi hicho kwa sababu kinagawika kirahisi. Bei halisi mtapewa na mwongozaji wenu. Ukianza wiki ya kwanza ya Februari, wiki 30 zinakufikisha mwisho wa Agosti. Weka 1,000 kila wiki kwenye akiba iliyofungwa, si kwenye salio la kawaida. Salio la kawaida, tunajuana, halina subira: Alhamisi rafiki anakopa, Ijumaa kuna harusi Kisauni.

Kila mtu aweke akiba yake kwa laini yake. Mnachangia mfuko mmoja tu pale malipo ya pamoja yanapofika. Hivyo mtu akijitoa katikati hakuna ugomvi wa kurudishiana.

Nguo za baridi zinunueni polepole katika miezi hiyo hiyo. Soko la mitumba la Kongowea lina majaketi mazito, na hapa Mombasa wanaoyagombania si wengi. Mwenye kibanda akiwa na Till, lipa kwa Till: wewe mnunuzi hukatwi ada, tofauti na kutuma kwa namba yake binafsi.

Malipo ya mbele, na wakora wake

Ada ya kuingia hifadhi ya taifa hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kupitia eCitizen. Pesa taslimu langoni hazipokelewi. Lipeni mkiwa bado mjini, hifadhini risiti kwenye simu zaidi ya moja na piga nakala ya karatasi pia. Beba kitambulisho, kwa maana bei ya Mkenya ni ya mwenye kukithibitisha.

Kama msimamizi wa safari ndiye anawalipia, si vibaya, ila risiti ya eCitizen muione kabla hamjamaliza kumlipa. Amana msitume kwa namba ya mtu mliyekutana naye kwenye Facebook jana. Ombeni Till au Paybill ya biashara, na jina likitokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha, lisomeni. Likiwa jina jingine kabisa, simamisheni hapo hapo. Pesa ikienda kimakosa, omba irudishwe dakika hiyo hiyo. Ikishatolewa kwa wakala, kuipata tena ni kazi kubwa.

Na muulizeni msimamizi swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: mmoja wetu akiugua juu, nani anashuka naye, na gharama ni ya nani?

Simu moja isibebe pesa zote

Chukueni picha hii. Saa tisa usiku, Shipton's. Mwenzenu amezidiwa, anashuka na mwongozaji mmoja. Atahitaji gari kutoka langoni hadi Nanyuki, pengine hospitali. Mweka hazina naye yuko njiani kuelekea kileleni, mtandao haupo, na betri imekwisha kwa baridi. Pesa zipo, lakini hazifikiki. Msimpe mtu PIN yenu ili kuepuka hili. Huko ni kutibu kidonda kwa kidonda.

Sisi tunashauri mfuko wa dharura ugawanywe mara tatu kabla hamjaondoka Mombasa. Sehemu ya kwanza ibaki kwenye laini ya kila mpandaji, angalau ya kumfikisha Nairobi peke yake. Ya pili iwe kwa mweka hazina. Ya tatu, na hii ndiyo husahaulika, iwe kwa mtu anayebaki nyumbani: dada, mama, jirani mwaminifu wa Changamwe mwenye simu yenye chaji na mtandao. Yeye ndiye atatuma pesa kwa dereva au kwa Paybill ya hospitali wakati ninyi mmetawanyika mlimani. Mpeni namba za wote, ya mwongozaji pia, na siku mnayotarajiwa kushuka.

Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, na usiku ilale nawe ndani ya begi la kulalia. Baridi hunyonya betri. Izimeni mtandao mkiwa hamuutumii. Nanyuki toeni pesa taslimu, noti ndogo ndogo, za bakshishi ya wapagazi na wapishi, maana juu hakuna wakala.

Siku ya kuondoka, wa Changamwe wana bahati, stesheni ya Miritini iko karibu. Wa Likoni hesabuni foleni ya feri, wa Kisauni msongamano wa daraja la Nyali. Tiketi ya treni ya kurudi ikateni ikiwa na siku moja ya ziada, kwa sababu anayeharakisha treni hushuka mlima vibaya. Na dharura isipotokea, mfuko ule ugawanywe mkiwa Nairobi, kila mtu arudishiwe kwa laini yake na wote waone ujumbe, kabla hamjapanda treni ya Miritini.