Jinsi ninavyooanisha visima vya baharini kwa kemia ya mwamba

Visima viwili vimechorongwa kwa umbali wa kilomita kadhaa. Je, mchanga wa hiki ndio mchanga wa kile? Miamba ya Kilwa kwetu hujibu kwa visukuku vidogo vya baharini. Formesheni ya Skagerrak, chini ya Bahari ya Kaskazini kati ya Uingereza na Norwei, ni bakhili: mashapo mekundu ya Triasiki, yaliyolazwa na mito katika nchi kame zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, yana visukuku haba. Hapo ndipo ninapoigeukia kemia.

1. Safisha sampuli

Mara nyingi utapewa chengachenga za mwamba zilizopandishwa na matope ya kuchorongea. Matope hayo hutiwa baraiti, madini ya bariamu, ili yawe mazito, basi usiiamini bariamu. Yakiwa na kloridi ya potasiamu, ishuku potasiamu pia. Osha, kausha, kisha chagua chini ya hadubini punje zinazofanana, ukitupa zilizoporomoka kutoka juu ya shimo.

2. Saga na yeyusha

Napenda kinu cha agati. Cha kabidi ya tangsteni huchafua unga kwa tangsteni na kobalti. Yeyusha unga kwenye tanuri pamoja na metaborati ya lithiamu, kwa kuwa madini sugu kama zirkoni hubaki ukitumia asidi za kawaida peke yake. Mashine za plazma zitakupa elementi zipatazo 50.

3. Hakiki kina

Chengacheng­a huchelewa kufika juu, na kina kilichoandikwa kwenye mfuko huweza kupotoka. Kokotoa mionzi ya gama kutokana na vipimo vyako: zidisha toriamu kwa 4 na urani kwa 8 (zote kwa sehemu kwa milioni), na potasiamu kwa 16 (kwa asilimia), kisha jumlisha. Linganisha mchoro huo na gama iliyopimwa ndani ya kisima. Vilele visipolingana, sogeza sampuli kabla ya kuendelea.

4. Tope kwa tope, mchanga kwa mchanga

Zirkoniamu ikipanda, huenda punje zimekuwa kubwa tu, wala mto haujabadili chanzo. Tenganisha aina za mwamba kwa uwiano wa silikoni na aluminiamu, kisha linganisha kila aina na mwenzake.

5. Jua namba inabebwa na nani

Hili ndilo la msingi kuliko yote. Zirkoniamu hukaa ndani ya zirkoni, kromiamu mara nyingi ndani ya spineli, potasiamu ndani ya feldspa, maika na ilaiti. Thibitisha kwa eksirei za madini au vipande vyembamba chini ya hadubini. Uwiano usiojua madini yake usiuchoree mpaka.

6. Anza na makubwa

Katika Skagerrak, tafuta kwanza miamba ya tope ya Julius, inayotenganisha mchanga wa Judy ulio chini na wa Joanne ulio juu. Kisha gawanya ndani ya kila mchanga. Mpaka ninaoukubali huonekana kwenye uwiano zaidi ya mmoja, kwa mpangilio uleule katika visima kadhaa, na haupingani na picha za mitetemo. Usiotimiza hayo nauchora kwa mstari wa nukta, na sababu naiandika pembeni, ili mhandisi asiupangie kisima kipya kana kwamba ni jambo la hakika.