TUSITUPE FILTA KABLA YA KUIFUNGUA
Somo: Kuchagua chombo cha kukatia filta ya oili



Kikundi chenye mashine ya kusaga unga, trekta au pikapu kina mali ambayo mtu mmoja peke yake hangeweza kuinunua. Injini ikifa, michango ya kila mwanakikundi imekufa. Katika somo hili tutajifunza njia moja ya kujua ugonjwa wa injini mapema: kufungua filta ya oili iliyotumika na kutazama ndani. Pia tutaona ni chombo gani kinafaa, kwa maana kazi hii ikifanywa kwa chombo kibaya inaweza kutudanganya.

Kwa nini tuifungue?

Oili huzunguka ndani ya injini ikilainisha na kuosha vyuma vinavyosuguana. Uchafu inaoubeba hunaswa na karatasi iliyo ndani ya filta. Beringi ikianza kulika, vipande vyake hunaswa hapo, na mara nyingi huonekana kabla injini haijaanza kugonga. Ukitupa filta bila kuifungua, umetupa habari hiyo pia.

Chombo gani?

Kwanza angalieni filta yenu. Injini nyingine za zamani zina filta ya karatasi tu, inayokaa ndani ya kikombe cha chuma kinachofunguliwa kwa spana. Hiyo haihitaji chombo cha kununua. Kisu kikali kinatosha. Inayohitaji kukatwa ni ile ya mkebe, inayofungwa kwa kuzungushwa. Kwa hiyo, tuangalie vyombo vinne:

1. Msumeno wa chuma. Kila fundi wa jua kali anao, lakini hapa haufai. Unatoa unga wa chuma, na unga huo unaingia kwenye karatasi. Mtaona vumbi linalovutwa na sumaku na hamtajua limetoka kwenye injini au kwenye msumeno. Mnaweza kufungua injini nzima bure, au kudharau dalili ya kweli. Grainda ni mbaya zaidi: inatoa unga na cheche, na filta ina oili ndani.

2. Tindo na nyundo. Inafungua, lakini inaponda mkebe na kurarua karatasi.

3. Mkasi wa bati. Toboeni tundu moja karibu na ukingo, kisha kateni kuzunguka. Hautoi unga mwingi. Kikundi kisicho na pesa kinaweza kuanza na huu. Vaeni glavu nzito, kwa maana bati lililokatwa lina makali kama wembe.

4. Kikatio cha gurudumu. Hiki ndicho bora. Ni fremu yenye kigurudumu kikali cha chuma kigumu na skrubu ya kukaza. Unakaza kidogo, unazungusha, unakaza tena, mpaka mkebe uachane. Kinapasua bati bila kutoa unga. Kinafanya kazi kama kile cha fundi wa mabomba.

Kabla ya kulipa, pimeni upana wa filta yenu, au mwende nayo dukani. Kikatio cha filta ndogo hakitazunguka filta ya lori. Ulizeni kama kigurudumu cha badala kinapatikana. Jaribuni kukata filta kuukuu moja hapo hapo. Fremu ikipinda, kiacheni. Tena, chombo hiki hutumika siku ya kubadilisha oili tu. Vikundi viwili au vitatu vyaweza kuchangia kimoja.

Namna ya kutazama

• Acheni filta imwage oili usiku kucha, tundu likiwa chini, juu ya debe.
• Panguseni mkebe kwa nje, kisha kateni karibu na ule upande wenye tundu.
• Toeni karatasi kwa kisu kikali, ikunjueni, muikamue kwa kitambaa safi cheupe.
• Itandazeni juani na kutazama kila mkunjo.
• Funikeni sumaku kwa karatasi ya plastiki na kuipitisha juu yake.

Tunachoona kina maana gani?

Weusi wa moshi katika injini ya dizeli ni kawaida. Chembe chache nyembamba kama vumbi pia si ajabu, hasa injini ikiwa mpya au imetoka kufunguliwa. Vipande vinavyonaswa na sumaku ni chuma, labda cha ringi, silinda au gia. Vyeupe visivyonaswa vyaweza kuwa alumini ya pistoni, na vyekundu au vya manjano ni shaba ya bushi au beringi. Mchanga unatuambia tukague filta ya hewa. Utando kama maziwa ni dalili ya maji kwenye oili.

Chembe zikiwa nyingi kuliko mara iliyopita, badilisheni oili na mkate filta inayofuata mapema, baada ya nusu ya muda wa kawaida. Vikiwa vipande unavyoweza kuhisi kwa vidole, msiwashe injini mpaka fundi aikague. Usipoziba ufa utajenga ukuta: kubadilisha beringi ni gharama, lakini krenki shafti ikiharibika gharama ni kubwa zaidi.

Andikeni kila mara katika daftari: tarehe, saa ambazo injini imefanya kazi, na mlichoona. Filta moja inasema kidogo. Tatu zikilinganishwa zinasema mengi.

Oili chafu ina sumu. Naweni kwa sabuni, msiimwage chini wala mtoni, na watoto wakae mbali.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Injini yetu ina filta ya aina gani, na upana wake ni kiasi gani?
2. Filta ya mwisho ilikwenda wapi? Nani aliiona?
3. Ni kikundi gani jirani tunaweza kuchanga nacho kununua kikatio?
4. Nani atatunza daftari, na nani ana ruhusa ya kusema mashine isimame, hata siku ya wateja wengi?