Kubadili Washa ya Bomba: Somo la Vitendo kwa Darasa la Tano

Utangulizi

Misitu ya nyanda za juu za Ngorongoro hunasa mvua na ukungu. Maji hupenya ardhini na kulisha chemchemi na visima wanavyotegemea wakazi wa Karatu. Maji hayo yafikapo shuleni yakapotea kwa sababu ya kipande cha mpira kilichochakaa, mwalimu amekwisha pata somo. Yafaa mtoto agundue kasoro mwenyewe kabla ya kuelezwa.

Lengo

Baada ya vipindi viwili, kila mwanafunzi aweze kueleza kwa nini bomba huvuja, na aweze kubadili washa yake.

Vifaa

Bomba linalovuja, spana, bisibisi, washa mpya, kopo la kupimia na saa. Darasa likiwa kubwa, tafuta pia mabomba mabovu ya kufungulia mezani.

Hatua

1. Kupima. Wanafunzi wakinge matone kwa dakika 10. Wakipata robo lita, wazidishe kwa 144: ni lita 36 kwa siku, karibu ndoo mbili za lita 20. Waulize ni nani abebaye ndoo hizo nyumbani, na kutoka wapi.

2. Kukisia. Wengi watasema bomba likazwe zaidi. Usiwakosoe, andika majibu yote ubaoni.

3. Kufungua. Wafunge koki kuu, kisha wafungue bomba ili maji yaliyobaki yatoke. Walegeze kichwa cha bomba kwa spana na kukitoa. Washa iko mwishoni mwa shina. Wailinganishe na mpya: ya zamani ni ngumu, tena ina mfereji uliochimbwa na ukingo wa tundu la maji. Sasa wayarudie majibu ya ubaoni. Wataona kwamba kukaza kwa nguvu huzidisha mfereji huo.

4. Kubadili. Wafute mchanga ukingoni, waweke washa ya kipimo kile kile, warudishe kichwa, na kufungua koki kuu polepole. Wapime tena.

Angalizo

Wavulana wasishike spana huku wasichana wakiandika tu. Kazi zibadilishane katika kila kikundi, kwani abebaye ndoo ana haki ya kujua kuzuia mvujo.

Tathmini

Uliza: ukingo wa tundu ukiwa umelika, je, washa mpya itatosha? Atakayejibu kwamba haitatosha, akatoa sababu, ameelewa.