Hata Moja: Kijitabu cha Nyumba Yenye Mtu Anayeacha Sigara

Sigara inayowarudisha

Wengi wanaorudi zahanati na kifua kilekile waliwahi kuacha. Walikaa wiki kadhaa bila moshi, kisha kwenye harusi au matanga rafiki akawapa moja tu. Haukupita muda, wakawa wananunua pakiti.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza kuuza pakiti yenye sigara chini ya 10. Vibandani bado zinauzwa moja moja, na kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa kamba dirishani ili mteja awashe papo hapo. Anayeacha apitie njia nyingine. Asivute hata moja.

Ushauri na dawa, vyote viwili

Julai 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kuwasaidia watu wazima kuacha tumbaku. Ushauri ukienda pamoja na dawa, nafasi ya kufaulu huongezeka.

Mshauri humuuliza mvutaji anawasha saa ngapi: baada ya chai? Akigombana na mtu? Kila jibu hupangiwa la kufanya badala yake. Chingamu ya nikotini hutafunwa polepole hadi iwashe mdomo, kisha hubanwa kati ya shavu na ufizi. Akiitafuna mfululizo, atapata kwikwi na kichefuchefu, na ataitupa. Mjamzito na mgonjwa wa moyo waulize kwanza.

Sindano za Kichina, hipnosisi, mitishamba

Mwongozo huohuo unasema ushahidi wa tiba hizi bado hautoshi. Anayezipenda asikatazwe, ila asiache kliniki kwa ajili yake. Amwambie mhudumu kila anachokunywa, kwa sababu mitishamba mingine hugongana na dawa za hospitali. Anayeahidi kumponya mtu kwa siku moja asipewe pesa. Shisha si tiba. Ugoro si tiba. Majani yoyote yakichomwa yakavutwa, ni moshi uleule kifuani.

Nyumbani

Viberiti na visahani vya majivu vitoke leo.

Hamu ikija

Hupita baada ya dakika chache. Anywe maji, atembee, ampigie mtu simu. Siku za mwanzo atakuwa mkali na usingizi utakatika, nyumba imvumilie. Asitulizwe kwa sigara, hata moja.

Akiteleza

Arudi kwa mshauri siku hiyohiyo, asingoje Jumatatu. Wengi hujaribu mara kadhaa, na hakuna wa kumgombeza. Zilizobaki kwenye pakiti zitumbukizwe chooni, zote, asibakishe hata moja.