Injini ya Dizeli ya Mtumba: Ipime Kabla Hujaifunga

Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kinazalisha tangu 1966, na barabara za Wazo, Tegeta na Boko hazikosi Canter na tipa za saruji, mchanga na kokoto. Injini ikifa, wengi hununua ya mtumba. Ikifungwa kisha ikagundulika mbovu, utamlipa fundi kuishusha na kufunga nyingine. Kwa hiyo ipime ikiwa bado chini.

Kabla ya kuwasha. Zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili. Ikikwama, huenda silinda zimeshika kutu au kuna kilichovunjika ndani. Chomoa kijiti cha oili: oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Kisha pitisha kidole ndani ya bomba la kuingizia hewa, baada ya chujio. Ukikuta vumbi, jihadhari. Vumbi la mawe husaga ringi na silinda.

Iwashwe ikiwa baridi. Dizeli haiwashwi kwa cheche za plagi bali kwa joto la hewa iliyobanwa, na kompresheni hafifu hujificha injini ikishapata moto. Gusa eksozi kwanza. Ukiikuta ya moto, mwambie muuzaji utarudi kesho asubuhi.

Soma moshi. Wa bluu: injini inakula oili. Mweusi usioisha: mafuta yanazidi au hewa ni pungufu, kagua nozeli, pampu na chujio la hewa. Mweupe unaoendelea hata injini ikipata moto: mafuta hayaungui vizuri au maji yanaingia kwenye silinda.

Fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma taratibu. Mvuke kidogo si tatizo. Ikipumua kwa nguvu na kurusha oili, gesi inapenya kwenye ringi.

Pima kompresheni kwa geji ya dizeli. Ya petroli haihimili mgandamizo huo. Linganisha na vipimo vya mtengenezaji. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, usinunue kwa bei ya injini nzima.

Karatasi. Dai risiti ya EFD yenye namba ya injini, na muda wa majaribio uandikwe. Namba hiyo ikitofautiana na ya kwenye kadi ya gari, peleka taarifa TRA kadi irekebishwe. Muuzaji akikataa injini iwashwe mbele ya fundi wako, nenda duka jingine.