Somo la Mwezi: Meza ya Soko Inachoka Sawa na Shamba



Mara nyingi katika masomo haya tunaongea juu ya mbegu, mbolea na namna ya kulinda mavuno gala. Leo tunaongea juu ya meza, ile ambayo mazao yetu yanakaa juu yake siku ya soko. Wengi wanafikiri kupanga meza ni mambo ya watu wa mjini. Sisi tumeona kwa macho kwamba meza mbaya inaweza kuharibu kazi ya musimu mzima.

Tuliyoyaona

Tulitembelea kooperative moja ya Kabare inayouza maharage na kahawa katika soko ya Kadutu, hapa Bukavu. Maharage yao yalikuwa mazuri: yamechaguliwa, yamekauka vizuri, hayana jiwe hata moja. Lakini magunia yalikuwa chini, midomo imefungwa nusu, na shiti nyeusi juu yake. Mama aliyekuwa anauza alituambia: «Tuko hapa toka saa kumi na mbili ya asubui. Watu wanapita tu. Wanaenda kwa ule jirani, na maharage yake iko na vidudu!»

Tukaenda kuangalia kwa jirani. Ni kweli, vidudu vilikuwamo. Lakini yeye alimwaga maharage yake juu ya ungo mpana, mahali penye mwangaza, na bei iliandikwa kwa chaki. Mtu aliona, akashika, akauliza.

Hasara yake ni kubwa kuliko siku moja ya soko. Gunia lisipouzika, vidudu vinaingia. Wanamemba wanaona feza haziji, wanaanza kuuza kila mtu peke yake kwa wachuuzi wanaofika mpaka mlangoni, kwa bei ya chini, wakati mwingine hata kabla ya kuvuna. Njo vile kooperative inakufa polepole, bila mwizi na bila ugomvi.

Sababu gani meza inachoka?

Ukipanda muhogo kila mwaka mahali pamoja, udongo unachoka. Njo maana tunabadilisha mimea. Meza pia iko vile. Mteja anayepita kila juma akiona magunia yale yale, mahali pale pale, jicho lake linazoea na haliyaoni tena. Na sisi wauzaji tunazoea zaidi kuliko yeye.

Hatua ya 1: Simama mahali pa mteja

Toka nyuma ya meza. Enda hatua kumi mbele, geuka, angalia sawa mtu mwenye haraka. Jiulize: Ninaona nini kwanza? Ninajua bei bila kuuliza? Mkono wangu unaweza kufika kwenye mazao? Kama jibu ni hapana hata mara moja, hapo njo pa kuanzia.

Hatua ya 2: Tafuta mawazo nyumbani, kwa vitu vya zamani

Hatuwaombi kununua mapambo. Kila nyumba iko na vitu ambavyo wazee walitumia: kitunga, ungo, kinu na mchi, kibuyu, mukeka, jembe lililolika mpaka likawa dogo. Vitu hivi vinavuta macho kwa sababu vinamkumbusha mtu wa mjini nyumba ya bibi yake. Waulize wazee wa kooperative. Wao wanajua kitu gani kilienda na chakula gani.

Fuata kanuni hizi:

• Kila kitu cha zamani kiseme jambo juu ya zao. Kinu kikae karibu na unga wa muhogo. Maharage yakae ndani ya vitunga, kila rangi na kitunga chake.

• Kimoja ao viwili vinatosha. Kooperative ya Kabare, mara ya kwanza, walileta vitu tisa. Mtu wa kwanza kusimama aliuliza bei ya kinu, si bei ya maharage! Walicheka, kisha wakarudisha saba nyumbani.

• Panga kwa urefu wa namna tatu, sawa ngazi. Kasha za chupa zikigeuzwa na kufunikwa na kitenge safi zinafanya kazi hiyo. Vitu vidogo juu, magunia chini, lakini yasiguse udongo.

• Mizani ya zamani ni ya kuonyesha tu. Kupima, tumia mizani iliyo sawa, mbele ya macho ya mteja.

Angalisho: Chombo chochote kilichobeba dawa ya wadudu ao ya mimea kisitumiwe hata kidogo karibu na chakula, hata kama kimeoshwa mara nyingi. Pia pipa la mafuta ya gari, na bakuli lililotoka rangi na kushika kutu, yabaki nyumbani.

Hatua ya 3: Tembea soko, jifunza kwa wengine

Tuma watu wawili wazunguke nusu saa bila kununua. Muuza vitenge anatundika kimoja juu kabisa ili kionekane toka mbali. Mama wa nyanya anapanga mafungu madogo, kila moja na bei yake. Mama wa sambaza anatenga ndogo na kubwa. Wasirudi na mawazo kumi. Warudi na moja tu, na mulijaribu siku ile ile. Mukiiga meza nzima ya jirani, mutakuwa jirani wa pili, na yeye alianza mbele yenu.

Hatua ya 4: Acha kalenda ya shamba ipange meza

Mwezi wa 1 na wa 2, mavuno ya musimu A yanaingia: andika «Maharage mapya» na weka mmea mmoja mkavu wenye maganda yake. Mwezi wa 6 na wa 7, fanya vile kwa musimu B. Tarehe 1 Agosti ni sikukuu ya wazazi, watu wanatafuta zawadi: funga kahawa ao asali ndani ya kitunga kidogo. Mwezi wa 9 watoto wanarudi masomoni na feza ni kidogo katika nyumba: tayarisha vipimo vidogo, hata kopo moja. Badilisha kitu kimoja kila mwezi.

Kahawa iliyokaangwa na asali visikae kwenye jua siku nzima. Onyesha kidogo, ingine ibaki kivulini, imefungwa vizuri.

Hatua ya 5: Meza isiseme uongo

Maharage ya juu yawe sawa na ya chini ya gunia. Anayedanganywa leo harudi kesho, na atawaambia wengine. Kooperative ya Kabare walifanya jambo tulilolipenda: waliweka sufuria ndogo ya maharage yaliyopikwa, na kila mteja alionja. Mama mmoja wa restora aliuliza kwanza juu ya kinu, akaonja, akauliza yanaiva kwa muda gani, kisha akachukua nusu gunia. Kinu kilimsimamisha. Maharage yenyewe njo yalimfanya anunue.

Hatusemi kwamba siku hiyo waliuza yote. Walirudi na magunia mawili. Lakini yule mama mwuzaji alituambia: «Leo watu walisimama. Nimechoka na kuongea!»

Zoezi la kikundi

Kabla ya soko linalokuja, pangeni meza katika uwanja wa gala. Mwanamemba mmoja ajifanye mteja, wengine wanyamaze. Aseme alichoona kwanza, na alichokosa kuona. Kisha jibuni pamoja:

1. Ni kitu gani juu ya meza yetu hakijabadilika toka mwaka jana?

2. Nyumba ya nani iko na kitu cha zamani kinachoweza kutusaidia, na nani atakirudisha salama?

3. Nani anabaki na kazi ya kubadilisha kitu kimoja kila mwezi?

Andikeni majina katika kitabu cha komite. Kazi isiyokuwa na jina haifanyiki.

Tunawatakia soko njema.